Miaka imepita, tupige hesabu: Simba ilifaidika au ilipoteza kuwauza Chama na Luis 2021?

#1 Mnyama wa Temeke

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu na leo naomba tulijadili kama watu wazima. Agosti 2021, ndani ya dirisha moja la usajili, Simba iliwaachia wachezaji wawili waliokuwa roho ya timu. Luis Miquissone akaenda Al Ahly, Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco.

Kumbukeni tulikuwa wapi siku ile. Ubingwa wa nne mfululizo ulikuwa kabatini. Afrika tulikuwa tumeongoza kundi lenye Al Ahly, AS Vita na Al Merrikh kwa pointi 13. Tarehe 23 Februari mwaka huohuo nilikuwa jukwaa la mzunguko pale kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar. Dakika ya 30 Luis akapata mpira mbele ya boksi, akaachia shuti, na kabla sijaelewa kama umeingia, mzee aliyekaa safu ya chini yangu alishanirukia shingoni. Simfahamu na sikumwona tena, lakini tulikumbatiana kama ndugu waliopoteana. Simba 1, Ahly 0.

Miezi sita baadaye mfungaji wa bao lile alikuwa amevaa jezi ya Ahly.

Tangu hapo hatujagusa kombe la ligi. 2021/22 Yanga, 2022/23 Yanga, 2023/24 Yanga, 2024/25 Yanga. Dai langu ni hili: tulipata pesa, tukapoteza ufalme. Tulinunua Luis kutoka Mamelodi Sundowns akiwa hana jina, tukamtengeneza, tukamtoa kabla hatujamla vizuri. Naomba hoja.

#2 Kahawa Chungu

Siti ya mbele kabisa. Wananchi (Yanga) wakifika mniamshe.

#3 Jangwani Asilia

Tumefika, amka.

Mleta uzi, nakuheshimu kwa kukiri kwamba ufalme umehama, lakini sababu umeikosea. Hamkupoteza ligi kwa sababu ya waliotoka Msimbazi kwenu. Mlipoteza kwa sababu ya walioingia Jangwani, kwetu Yanga. Dirisha lilelile sisi tulimshusha Djigui Diarra golini, Djuma Shaban kulia, Yannick Bangala, Khalid Aucho katikati, na Fiston Mayele tukamtoa TP Mazembe. Kocha Nabi tayari alikuwepo tangu Aprili. Tarehe 25 Septemba, Ngao ya Jamii, Mayele akawafunga moja. Msimu mzima wa ligi hatukupoteza mechi hata moja.

Chama angebaki, angetetema tu pamoja nanyi.

#4 Mlinda Takwimu

Marekebisho mawili kabla hatujafika mbali.

Mayele alitoka AS Vita, siyo Mazembe. Djuma pia alitoka Vita. Na Luis alikuja Simba Januari 2020 akitokea UD Songo ya Msumbiji, alikokuwa anacheza kwa mkopo wa Sundowns. Ni yuleyule aliyetufunga kwa faulo pale Dar Agosti 2019, tukatoka 1-1 na tukatupwa nje kwa bao la ugenini. Kwa hiyo si kwamba hakuwa na jina. Jina tulilijua kwa machungu.

Sasa hesabu. 2020/21 Simba ilipata pointi 83 kwa mechi 34. 2021/22 ikapata 61 kwa mechi 30, maana ligi ilipunguzwa timu. Ukigawa, ni wastani wa pointi 2.44 kwa mechi ukishuka hadi 2.03. Yanga walipata 74 misimu yote miwili, lakini mwanzo kwa mechi 34 na baadaye kwa mechi 30. Wao walipanda kutoka 2.18 hadi 2.47.

Hapa ndipo pananiumiza kichwa. Chukua kasi ileile ya Simba ya Chama na Luis, 2.44, zidisha kwa mechi 30. Unapata 73. Yanga walikuwa na 74.

Yaani hata tungebaki vilevile kama tulivyokuwa, kwa karatasi tungekosa ubingwa kwa pointi moja.

#5 Jangwani Asilia

Mlinda Takwimu, nimekubali la Mayele, nimeandika kwa haraka. Hiyo ya 73 kwa 74 naomba iwekwe kwenye fremu.

#6 Binti Msimbazi

Msiweke kwenye fremu bado.

Mlinda Takwimu hesabu yako ni nzuri ila imesahau kwamba Simba na Yanga wanakutana. Msimu ule ligi tulitoka 0-0 Desemba, tukatoka 0-0 tena Aprili. Tungeshinda moja tu kati ya hizo, sisi tunaongeza mbili na wao wanapungukiwa moja. Sabini na tano kwa sabini na tatu. Ubingwa wetu.

Na angalieni picha yote ya msimu ule dhidi yao. Ngao ya Jamii 0-1. Ligi 0-0. Ligi 0-0. Nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la ndani (ASFC) pale Kirumba, Mwanza, 0-1, bao la Feisal. Mechi nne, dakika 360, Simba haikupata bao hata la kuotea. Timu iliyokuwa na Chama na Luis ilikuwa inakosa bao dakika 360 dhidi ya nani? Nani atafungua kufuli kama funguo zote mbili umeziuza?

#7 Mlinda Takwimu

Dada, hilo la mechi za watani nakubali. Lakini mbili kati ya hizo nne, ile ya Aprili na ile ya Mei, Chama alishakuwa amerudi klabuni. Alirudi Januari 2022. Ufunguo mmoja ulikuwa ndani ya nyumba.

#8 Fundi Jezi Kkoo

Sijui mambo ya wastani, mimi nauza jezi Kariakoo. Nitasema nilichokiona mezani kwangu.

Julai 2021 nilichapa jina la CHAMA na namba 17 kwenye jezi nyekundu kiasi cha kujaza mabegi mawili. Ilikuwa ndiyo jezi ya uhakika, hata mtoto anayejifunza kutembea alikuwa anavalishwa 17. Agosti habari ikatoka, na kesho yake mteja anashika jezi, anaigeuza, anaona jina, anairudisha. Hasemi kitu.

Nikaanza kubandua. Unaweka karatasi ya kaki juu ya maandishi, unapitisha pasi ya moto, unavuta herufi polepole kwa kucha ikiwa bado laini. C inatoka vizuri. H inashikilia kwenye kona. Tatizo ni kwamba kitambaa kilichokuwa chini ya herufi kinabaki na rangi mbivu kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo hata ukimaliza, ukiiweka juani unasoma CHAMA bila shida. Zile niliziuza kwa hasara kwa watu wa mikoani.

Januari mwaka uliofuata Mwamba wa Lusaka akarudi. Wateja wakaja mbio wanataka 17. Nilikuwa nimeshabandua zote.

Kwa hiyo mkiniuliza kama ile biashara ililipa, mimi nasema klabu ilifanya uamuzi bila kujua inataka nini. Anayejua anachokiuza hakifuati tena baada ya miezi mitano.

#9 Kahawa Chungu

Fundi, hii ndiyo post ya uzi. Wengine tunasoma tu.

#10 Kijana wa Mikataba

Namheshimu Fundi ila naomba nimpinge hapo mwisho.

Watu wengi humu wanaongea kana kwamba klabu ilikuwa na uamuzi wa kumbakiza mchezaji au kumuuza. Mara nyingi uamuzi si huo. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi sita. Ukimkatalia leo, kesho anaondoka na wewe unabaki na picha zake. Agosti 2021 Chama alikuwa na miaka 30. Kiungo wa miaka 30 kutoka ligi yetu kupata klabu ya Morocco inayotoa ada ni jambo la nadra sana. Hapo unauza, unashukuru.

Ushahidi wangu uko wazi. Julai 2024 mkataba wake Simba uliisha, akatambulishwa Yanga. Simba walipata nini? Hawakupata kitu. Linganisheni hizo safari mbili za mchezaji yuleyule. Moja aliondoka akaacha pesa, nyingine aliondoka akavuka barabara kwenda kwa mtani. Ipi ilikuwa biashara mbaya?

Na tukitaka kuzungumzia biashara mbaya ya kweli tumtaje Okwi. 2013 aliuzwa Etoile du Sahel ya Tunisia, pesa zikacheleweshwa hadi shauri likafika FIFA, na kabla mwaka haujaisha Okwi mwenyewe tukamwona amevaa kijani na njano ya Yanga. Hapo hukuwa na mchezaji, hukuwa na pesa, na mtani anacheka.

#11 Jangwani Asilia

Okwi na Chama wote walipita kwetu. Mkiwachoka tunawapokea, sisi ni watu wakarimu.

#12 Mnyama wa Temeke

Asante kwa marekebisho ya UD Songo, nimeyapokea.

Kijana wa Mikataba, hoja yako ya Chama inanigusa, ya umri hasa. Lakini Luis alikuwa na miaka 26. Na hujagusa kiini: wawili kwa mpigo. Ukiwa na nyumba ya nguzo nne, unaweza kubadilisha moja ukaegemeza paa kwa gogo. Ukitoa mbili kwa siku moja unalala nje.

Halafu angalia kilichotupata Oktoba. Jwaneng Galaxy ya Botswana. Tumewafunga kwao 2-0. Nyumbani tunaongoza 1-0, bao la Bwalya. Jumla 3-0. Kipindi cha pili wakaturudishia matatu. Kwa Mkapa! Pale ambapo tulikuwa tunasema hatoki mtu. Tarehe 24 Oktoba 2021, nilitembea kwa miguu hadi nyumbani siku ile kwa sababu sikutaka kukaa na watu kwenye daladala. Chama na Luis wakiwepo, ukiongoza 3-0 mpira unaukalia. Unamrudishia Chama, anaugandisha, dakika zinakwenda.

#13 Kocha wa Ndondo

Mnyama, kuhusu kukalia mpira umesema kweli ya kiufundi. Naomba nichangie kwa nilichokipitia mwenyewe, maana nafundisha timu ya mtaa miaka mingi sasa.

Nilikuwa na winga mmoja wa kulia, mwepesi, hashikiki. Timu moja ya daraja la juu ikamtaka. Wakanipa pesa kidogo na mipira sita. Nikaona nimepata, nikamweka mwingine mwenye mbio zilezile. Baada ya mechi tatu nikagundua kilichoharibika hakikuwa upande wa winga. Kilichoharibika ni beki wangu wa kulia na mshambuliaji wangu. Beki alikuwa amezoea kupanda bila kuangalia nyuma kwa sababu alijua winga yule anarudi. Mshambuliaji alikuwa amezoea kukimbilia nguzo ya kwanza kwa sababu krosi ilikuwa inakuja pale kila siku. Winga mpya alikuwa anapiga nguzo ya pili. Wote watatu wazuri, hakuna anayefunga.

Sasa mwangalieni John Bocco. 2020/21 alikuwa mfungaji bora wa ligi, mabao 16. Msimu uliofuata kiatu kikaenda Geita Gold kwa George Mpole, mabao 17, na Mayele akamfuata na 16. Bocco alikuwa mtu yuleyule. Waliomlisha ndio walikuwa wameondoka. Mchezaji hauzwi peke yake, anaondoka na nusu ya wenzake.

#14 Mlinda Takwimu

Kocha, hoja tamu, ila kuna maelezo mengine. Bocco alikuwa anaingia miaka ya jioni ya mpira wake. Angeshuka hata Chama na Luis wangekuwepo. Hatuwezi kumpa Chama sifa ya mabao ya Bocco halafu tumpe lawama ya umri wa Bocco.

#15 Kocha wa Ndondo

Huo umri ulimshika ghafla sana, Agosti hiyohiyo?

#16 K'Ogalo Damu

Hamjambo majirani. Niko Kisumu, nawafuatilia.

Sisi Gor Mahia tulikuwa upande wa pili wa meza, na ninyi ndio mliokuwa wanunuzi. Juni 2018 pale Afraha, Nakuru, tuliwafunga 2-0 fainali ya SportPesa, na Meddie Kagere akafunga. Hata kabla nyasi hazijakauka akawa ameshakuja kwenu. 2018/19 akawafungia mabao 23, msimu uliofuata 22. Mwaka 2019 mkamchukua Francis Kahata pia.

Tulilia? Tulilia sana. Mimi nilisema klabu imekwisha. Lakini sikizeni: Gor ilichukua ubingwa 2018, Kagere akiwa ameondoka katikati ya msimu, na 2019 bila yeye kabisa. Na Kombe la Shirikisho Afrika 2018/19 tukafika robo fainali, tukatolewa na nani? RS Berkane, hao hao wenu.

Kwa hiyo mimi naona kuondokewa na mchezaji mkubwa si lazima kukuangushe. Inategemea kama jirani yako amelala. Mwaka ule kwetu hakuna aliyekuwa amejenga. Kwenu 2021 Yanga ilikuwa imejenga. Hapo namuunga mkono yule wa Jangwani, ingawa sitaki azoee.

#17 Jangwani Asilia

K'Ogalo, karibu Dar, chai ni juu yangu.

#18 Mtoto wa Kigamboni

Nimesoma post kumi na saba na hakuna aliyetaja walioingia Simba. Hii ndiyo shida ya mashabiki wetu, tunahesabu waliotoka tu.

Dirisha lile waliingia Henock Inonga, Sadio Kanouté, Pape Sakho, Peter Banda, Duncan Nyoni, Kibu Denis, Israel Mwenda. Inonga amecheza hadi akaenda FAR Rabat. Kanouté tumekaa naye misimu mitatu. Kibu mnamfahamu wenyewe.

Na Sakho! Tarehe 13 Februari 2022, ASEC Mimosas, kwa Mkapa. Krosi inakuja, ameupa mgongo goli, anajirusha hewani anapiga tik-taka. CAF wakampa tuzo ya bao bora la mwaka, akaipokea Rabat, Morocco. Halafu mwezi uliofuata, Machi, Berkane walikuja Dar. Bao pekee lililowafunga ni la Sakho. Yaani pesa za Berkane zilirudi kuwafunga Berkane. 2023 akaenda Ufaransa, Quevilly-Rouen. Hiyo si biashara?

Mnasema tulianguka Afrika. Tulianguka wapi?

#19 Binti Msimbazi

Jwaneng ulikuwa wapi?

#20 Mtoto wa Kigamboni

Nilikuwepo na niliumia. Lakini tuliposhuka Kombe la Shirikisho Afrika tulivuka kundi, tukafika robo fainali, tukatolewa na Orlando Pirates kwa penalti. Msimu uliofuata robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, tukatolewa na Wydad kwa penalti. Uliofuata, robo fainali tena. 2024/25 fainali ya Shirikisho. Kabla ya mauzo, tukiwa na Chama, tulifika robo mara mbili. Baada ya mauzo hatukushuka hata ngazi moja. Tulichopoteza ni ligi ya ndani, na hiyo tumeipoteza kwa Yanga waliotumia akili na pesa.

#21 Kijana wa Mikataba

Nyongeza fupi kwa Mtoto wa Kigamboni. Ile robo ya Pirates ilichezwa bila Chama ingawa alikuwa Msimbazi tangu Januari. Alishatumika na Berkane kwenye mashindano hayohayo, kanuni ikamfunga. Berkane wakatwaa kombe lile Mei 2022. Tulikuwa tunamlipa mshahara anakaa jukwaani.

Hapo nakiri kwamba kumrudisha kulikuwa na gharama ambayo sikuihesabu mwanzo.

#22 Mnyama wa Temeke

Umesikia Fundi? Amekiri.

#23 Mkatangi

Jambo bandugu. Niko Lubumbashi, mimi ni wa Mazembe, hivyo nafurahi mnavyosahihishana kuhusu Mayele.

Mnaongea Simba na Yanga lakini timu iliyoumia zaidi dirisha lile ni Vita ya Kinshasa. Ilikuwa bingwa wa Congo 2021. Ikaachia Mayele, ikaachia Djuma, na kocha Florent Ibenge akaenda Berkane. Ni Ibenge huyohuyo aliyempokea Chama wenu. Alimfahamu kwa kidonda: Machi 2019 pale Dar, dakika za mwisho, Chama aliifunga Vita yake bao la pili, Simba mkaenda robo fainali.

Vita bila watu hao, ubingwa wa 2022 ulirudi kwetu Lubumbashi. Hamna mtu anayefungua mjadala wa Vita. Simba mliuza wawili mkabaki wa pili. Vita waliuza uti wa mgongo pamoja na kichwa.

#24 Mlinda Takwimu

Mkatangi, asante sana, hii imeleta jambo nililokuwa nalitafuta.

Berkane dirisha lile alinunua pande zote mbili za Dar. Kwa Simba alimchukua Chama. Kwa Yanga alimchukua Tuisila Kisinda. Kisinda alikuwa winga wao hatari zaidi wa 2020/21, mbio zake mnazikumbuka. Na wote wawili walirudi: Chama Januari 2022, Kisinda baadaye mwaka huohuo. Mnunuzi mmoja, mwezi mmoja, mji mmoja. Yanga aliuza winga akachukua ubingwa bila kufungwa. Simba aliuza kiungo na winga akawa wa pili.

Basi kuuza kwenyewe hakuwezi kuwa ndilo kosa. Kosa liko kwenye nani aliletwa kuziba, na lini.

#25 Binti Msimbazi

Kaka, Kisinda na Chama huwezi kuwaweka kwenye mzani mmoja. Kisinda alikuwa na mbio. Chama alikuwa anaamua timu nzima icheze kwa kasi gani. Tazama tena lile bao dhidi ya Nkana ya Zambia, Desemba 2018, dakika ya 89, kisigino. Tunahitaji bao moja, uwanja mzima umesimama, watu wamekata pumzi, yeye anapiga kisigino kana kwamba yuko mazoezini. Mbio unazipata Congo kila mwaka. Utulivu ule umeupata wapi tena?

#26 Kahawa Chungu

Nilikuwa kibanda umiza Mbagala siku ya Nkana. Mwenye kibanda alirusha rimoti, ikapasua taa ya bomba. Tukamalizia dakika zilizobaki gizani kwa mwanga wa TV, na hakuna aliyelalamika.

#27 Jangwani Asilia

Binti, hapo kwa Chama sibishi. Nilimwona kwa karibu alipokuwa kwetu.

Ila Luis naomba nimseme. Alirudi Simba 2023. Mlimpokea kama mfalme. Alicheza kama yule wa Ahly? Msimu ule mlimaliza wa tatu, mmelingana pointi 69 na Azam wakawazidi mabao. Tarehe 5 Novemba 2023 tuliwapiga tano kwa moja. Mwaka mmoja akaondoka. Kwa hiyo Luis mliyemuuza 2021 alikuwa kwenye kilele chake. Mfanyabiashara gani anajuta kuuza embe siku lilipoiva?

#28 Mnyama wa Temeke

Hapo ndipo tunapotofautiana kabisa, ndugu yangu.

Luis hakuharibika kwa kuiva. Aliharibika kwa kukaa benchi. Mwezi uleule Ahly walipomchukua walimchukua pia Percy Tau kutoka Brighton. Akakosa nafasi, 2022 akapelekwa Abha ya Saudia kwa mkopo. Winga anaishi kwa kucheza. Ukimkalisha miaka miwili miguu inasahau. Angebaki Msimbazi angeendelea kuwa Konde Boy tunayemjua hadi 28, 29. Huwezi kutumia Luis aliyerudi kama ushahidi wa Luis ambaye angebaki. Ni watu wawili.

#29 Kocha wa Ndondo

Nakazia. Yule winga wangu niliyemtaja naye alirudi mtaani baada ya mwaka mmoja. Alikuwa anaupokea mpira huku anatazama kwanza benchi la makocha. Zamani alikuwa anamtazama beki.

#30 Mtoto wa Kigamboni

Lakini wakuu, tungemzuia Luis kwenda Al Ahly kwa haki gani? Klabu kubwa kuliko zote Afrika inamwita kijana wa Msumbiji. Mimi ningekuwa kaka yake ningembebea begi hadi uwanja wa ndege.

#31 Binti Msimbazi

Hakuna anayesema azuiwe. Ningemwachia Luis, ningemshikilia Chama mwaka mmoja. Mnyama kwenye #12 alisema wawili kwa mpigo na hakuna aliyemjibu.

#32 Kijana wa Mikataba

Mimi nitamjibu. Ningefanya kinyume: ningemwachia Chama wa miaka 30, ningemshikilia Luis wa 26. Mdogo ndiye bei yake inaweza kupanda.

#33 Binti Msimbazi

Unaona sasa. Mimi nataka kombe, wewe unataka bei.

#34 K'Ogalo Damu

Hapa ndipo mashabiki na wahasibu huachana kila mahali, hata kwetu.

#35 Mkatangi

Na 2025 Berkane tena, fainali. 2-0 kwao, 1-1 Zanzibar. Hawa watu wamewachukulia Chama, wakawachukulia na kombe.

#36 Mnyama wa Temeke

Mkatangi usinikumbushe. Bao la Mutale lilipoingia pale Amaan nilishaanza kuhesabu dakika.

Nitarudi kesho kujibu la Sakho, maana Mtoto wa Kigamboni amenipa kazi. Ila Sakho na Banda waliletwa kuziba mtu mmoja au wawili? Naomba mnipe majibu nikiamka.

Fundi, swali la pembeni. Zile jezi za 17 ulizobandua, imebaki hata moja?

#37 Fundi Jezi Kkoo

Imebaki moja, saizi ya kati. Siuzi. Naivaa siku za mechi, na mke wangu akiianika kwenye kamba jina linasomeka hadi nyumba ya tatu.

#38 Jangwani Asilia

Fundi, mimi namtafuta wa kunibandulia Aziz Ki. Njoo tuongee bei.